Msamaha unaoishia langoni mwa gereza

Mhariri,

Kila kiongozi wa nchi anapotoa msamaha kwa wafungwa, gazeti lenu hutupa idadi ya waliotoka na picha zao wakipunga mikono langoni. Habari huishia hapo. Sijawahi kusoma kwenu yanayowakuta siku mwajiri anapodai cheti cha polisi.

Wengi hudhani aliyesamehewa amefutiwa. Mara nyingi sivyo. Msamaha wa rais wa Marekani, kwa mfano, humwondolea mtu adhabu, lakini hukumu hubaki kwenye rekodi kama ilivyoandikwa. Tena msamaha wa aina hiyo una wenyewe: aliyekuwa rais wa nchi hiyo, Richard Nixon, aliupata mwaka 1974 kabla hata ya kufunguliwa mashtaka, ilhali aliyeiba akiwa kijana anaweza kuzeeka akisubiri barua yake ijibiwe.

Mimi natetea njia isiyomtegemea mkubwa yeyote. Muda uliowekwa na sheria ukipita bila kosa jipya, rekodi ifungwe. Uingereza ina sheria ya namna hiyo tangu 1974. Awali, aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi 30 aliibeba hukumu yake hadi kaburini. Tangu Oktoba 2023 hata baadhi ya waliohukumiwa zaidi ya miaka minne hunufaika, wakitimiza miaka saba bila kosa baada ya adhabu kwisha. Wanaoomba kazi za kulea watoto bado huchunguzwa kwa kina, nami naafiki. Sidai kwamba mwalimu aliyemdhuru mtoto arudishwe darasani kimyakimya.

Ila rekodi hiyo ifungwe bila mtu kujaza fomu. Huko Michigan, jimbo la Marekani, watafiti walikuta kwamba kati ya kila watu 100 waliostahili kufutiwa, hawakufika 7 waliofutiwa ndani ya miaka mitano tangu wastahili. Waliofutiwa mapato yao yalipanda, na waliorudia makosa walikuwa wachache. Hao wengine je? Kuna asiyejua kwamba haki hiyo ipo, kuna asiye na pesa ya wakili, na kuna aliyeapa kutokanyaga tena mahakamani. Kanada ilipandisha ada ya kuomba rekodi ifungwe hadi dola 631 mwaka 2012, ikaja kuishusha hadi dola 50 mwaka 2022. Miaka yote hiyo aliyetakiwa kulipa ni yule yule aliyenyimwa kazi kwa sababu ya rekodi! Pennsylvania, jimbo jingine la Marekani, ilipitisha sheria mwaka 2018 ili kompyuta zitafute na kufunga rekodi za makosa madogo bila mtu kuomba, kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani.

Haki ya kupiga kura nayo huzungushwa hivyo hivyo. Mwaka 2018 karibu asilimia 65 ya wapiga kura wa jimbo la Florida, Marekani, waliamua kwamba waliomaliza vifungo warudishiwe kura, isipokuwa waliopatikana na hatia ya mauaji au makosa ya kingono. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo wakaweka sharti la kulipa kwanza faini, fidia na gharama zote za mahakama, wakati jimbo halikuwa na daftari moja linaloonyesha nani anadaiwa nini. Unamdai mtu, akikuuliza kiasi gani huna jibu.

Sasa nigeukie kwenu, maana mahakama ikifunga rekodi, gazeti bado linayo. Mwaka 1994 gazeti la Le Soir la Ubelgiji liliandika habari ya ajali ya gari iliyoua watu wawili, likamtaja dereva. Alihukumiwa, akatumikia adhabu, na mwaka 2006 akarejeshewa hadhi yake kisheria. Hata hivyo, aliyetafuta jina lake mtandaoni aliikuta ajali ile. Mahakama za Ubelgiji ziliamuru jina lifichwe katika nakala ya mtandaoni, na Julai 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikakubaliana nazo. Habari yenyewe haikufutwa, na nakala ya karatasi haikuguswa.

Najua wahariri huogopa kwamba leo ataomba dereva, kesho ataomba waziri mwizi. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana panahitajika utaratibu unaojulikana. Kwa hiyo nauliza: mtu ambaye rekodi yake imefungwa kisheria akitaka jina lake lifichwe kwenye habari yenu ya zamani, anamwandikia nani hapo ofisini, na mnaamua kwa kigezo gani?

Msomaji wenu