Gadjo ni nani

Rehema shosti wangu,

Habari za Bujumbura, watoto hawajambo? Voisi yako nimeisikiliza, eti gadjo ni tusi au vipi, nikaona nikuandikie kabisa.

Gadjo ni mtu yeyote ambaye sio Mroma, yaani wale watu wa Ulaya ambao wengi wanawaita Gypsies, basi. Mwanamke ni gadji, wakiwa wengi gadje. Sio tusi lenyewe, inategemea anayesema kakunja uso au anacheka. Waroma wa Uingereza wanasema gorgio, ndo maana mwandishi Mwingereza George Borrow kalitumia sana kwenye kitabu chake Lavengro, 1851.

Linaloniuma mimi ni kwamba hadithi za Waroma zinazojulikana duniani nyingi zimeandikwa na gadje. Chukua Carmen, hadithi ya Mérimée ya 1845 kuhusu mwanamke Mroma wa Hispania. Msimuliaji gadjo Mfaransa, anamkuta José, mpenzi wake Carmen, gerezani, José naye sio Mroma, ndo anaeleza alivyomuua Carmen, na sisi wasomaji tunabaki kumhurumia muuaji! Carmen mwenyewe hapewi hata sura moja aongee yake.

Sasa Papusza, mwanamke mshairi, Mroma wa Poland, huyu lazima nikusimulie. Utotoni alikuwa anaiba kuku anampelekea mama mmoja wa dukani, Myahudi, ili amfundishe kusoma. Vita ikaja, Wanazi wanawaua Waroma, akajificha na watu wake kwenye misitu ya Volhynia, na yale yote akayatungia mashairi kwa Kiromani. 1949 akaja Jerzy Ficowski, gadjo, akasafiri na msafara wao, akayapenda mashairi akayatafsiri Kipolandi, mwaka uliofuata yakaanza kutoka kwenye jarida, na kipindi hicho hicho serikali inawabana Waroma waache kuhamahama, na Ficowski aliunga mkono ule mpango. 1953 akatoa kitabu kizima juu ya Waroma wa Poland, mila zao na lugha yao mle ndani. Wazee wakasema Papusza katoa siri kwa gadjo. Wakamtenga jamani! Akaugua akili akalazwa, akawa haandiki karibu kitu tena, akafa 1987.

Wengi wanawaona wale wazee makatili. Mimi siwaungi mkono kwa walichomfanyia, ila hofu yao naielewa, maana Ujerumani ya Hitler kulikuwa na mtafiti Eva Justin, anaongea Kiromani vizuri tu, Waroma wakamwamini, na zile orodha za koo zao alizokusanya na bosi wake Robert Ritter ndo zilizotumika kuwapeleka kambini. Ukishapitia hayo, gadjo mwenye daftari huwezi kumchekea hata akiwa na nia njema, na Ficowski naamini alikuwa nayo.

Wewe unasoma Kifaransa, mtafute Matéo Maximoff, Mroma mwenyewe kabisa, riwaya yake Les Ursitory ilitoka 1946. Soma hiyo kwanza, Carmen utairudia baadae, halafu nipigie tuongee.

Wasalimie wote,
Mwanaidi