Maji kwenye petroli hayajui hii boti au ndege

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji mwenzetu mliyoitoa wiki iliyopita, ile aliyosema ndege ndogo za injini moja ni majeneza yanayoruka na zisiruhusiwe kupita juu ya mji wetu. Nimeirudia mara mbili. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Sahare, mwaka wa 22 huu nashika spana, sio rubani na sijawahi kushika usukani wa ndege, lakini injini nazijua na namuomba huyo ndugu anisikilize kidogo mana naona kakilaumu chombo wakati ubaya umekaa sehemu ingine kabisa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko Australia jimbo la Queensland, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa na siku za mapumziko anajifunza kurusha ndege. Tulivyoambiwa tulishtuka, mama yake ndo usiseme, alilia kutwa nzima. Kumbe kule wapo watu wa kawaida tu, mkulima, mwalimu, fundi bomba, wanaruka na vindege vya siti mbili kwa kupenda tu. Ni vyepesi, kwa miaka mingi mwisho wa uzito ulikuwa kilo 600 na watu na mafuta humohumo, yaani hata nusu ya Noah haifiki. Wana chama chao, Recreational Aviation Australia, kilianza 1983 kwa jina lingine, ndo kinasajili hizo ndege na kutoa vyeti, na juu yake kuna mamlaka ya serikali ya usalama wa anga inaitwa CASA.

Cheti unaweza kupata kuanzia miaka 15. Unatakiwa uruke saa zisizopungua 20, tano kati ya hizo uwe peke yako, na mitihani juu. Na ukishakipata haimaanishi unapakia mke ukaenda zako, mwanzoni mwisho wako ni maili 25 za baharini kutoka ulikorukia, sawa na kutoka hapa Tanga mpaka Pangani na kidogo zaidi, kubeba abiria kuna kibali chake, safari ya mbali kuna kibali chake, usiku haruki mtu, alafu kila miaka miwili unarudi kwa mwalimu akupime upya.

Ila sio hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Siku moja alinipigia video wasap kabla hajaruka, kwao ndo kunapambazuka huku kwetu usiku wa saa tano. Akaniambia mjomba angalia. Akachukua kikombe cha plastiki kama glasi, akakisukumia chini ya bawa, petroli ikashuka kidogo, akakiinua kwenye jua. Anatafuta maji. Maji ni mazito kuliko petroli kwahiyo yanakaa chini kabisa, kitone kinacheza kama gololi, ukikiona unamwaga unachota tena na tena mpaka ije safi. Tangi likilala nusu tupu usiku hewa ya ndani inapoa inatoa jasho, asubuhi una maji na hujui yametoka wapi. Alafu akahakikisha swichi zimezimwa, akaanza kuzungusha propela kwa mkono taratibu. Nikamuuliza ya nini hiyo, akasema hii injini ni Rotax, oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni, nazungusha mpaka tangi lipige mbweu, hapo ndo najua oili imerudi na kijiti kitanipa kipimo cha kweli. Nikatulia nisikie. Kweli likapiga mbweu, gluu, mpaka kwenye simu. Na zile injini zingine, za kampuni ya Jabiru, anasema unazungusha hivohivo ila unasikilizia mkononi, silinda moja moja, zikaze sawasawa, ikija moja laini hakuna kuruka siku hiyo. Mimi fundi mzima nilikaa kitandani nikajiuliza ni boti ngapi hapa kwetu zinachekiwa namna hiyo kabla hazijapakia watu.

Jambo la pili ni mafunzo ya injini kuzima. Mwalimu wake anakaa pembeni, wako juu ya mashamba, ghafla anarudisha moto wote chini na kumwambia injini yako imekufa. Hapo mwanafunzi hagusi swichi wala haiti mtu kwenye redio. Kwanza anashusha pua ndege ibaki na spidi yake ya kuteleza, mana bila spidi mabawa hayabebi kitu, inaanguka. Kisha anachagua uwanja wa kutua, kisha kama kimo kinaruhusu ndo anatafuta injini imekosa nini, petroli, kabureta imeganda barafu (ndio, kabureta inaganda hata nchi ya joto, unyevu ukiwa mwingi), swichi. Redio baadae. Na kama injini imekufa ndo kwanza imenyanyuka, marufuku kugeuka kurudi kiwanjani wakati kimo bado kidogo, unatua mbele ulipo. Wachunguzi wa ajali wa kule walishaeleza kuwa injini kupungua nguvu baada ya kuruka kunatokea kama mara tatu zaidi ya kuzima kabisa, na ndo mtego wenyewe, bado inanguruma nguruma rubani anajipa matumaini na kimo kinaisha. Mpwa wangu kafanyishwa zoezi hilo mara nyingi mpaka mkono unashusha pua kabla kichwa hakijafikiri.

Sasa niseme ya kwetu. Mwaka juzi mwezi wa saba, kusi limechachamaa, nilipanda boti kutoka Kigombe kurudi mjini, abiria kama 18, watoto wamo. Tumeshapita Karange mashine ikakohoa mara mbili ikakata. Nahodha, kijana mzuri tu, akakimbilia kamba. Akavuta, akavuta, akavuta choki, akavuta tena, plagi zikalowa petroli ikawa inanuka boti nzima, na muda wote huo boti imeshageuka ubavu kwenye mawimbi na tunasukumwa kwenye mwamba, povu lake tunaliona. Nanga ilikuwa miguuni pangu. Hakuna aliyeitupa, hata mimi sikuitupa, macho yangu yote yalikuwa kwenye mashine kama yake. Mama mmoja mtu mzima ndo aliyepiga kelele, nyie wanaume tupeni nanga! Ikatupwa, ikaburuta kidogo, ikashika. Boti ikageuza uso kwenye mawimbi ikatulia, ndo nikapata nafasi ya kufungua kikombe cha filta. Maji. Robo nzima ya kikombe. Petroli ilikuwa imelazwa kwenye dumu nusu tupu, sijui siku ngapi.

Nikamwaga, nikakausha plagi, ikawaka, tukafika salama alhamdulillah. Pale ufukweni mwenye chombo akaja akanivuta pembeni, fundi, haya yaishie hapahapa. Nikanyamaza. Mpaka leo naandika hii barua sijawahi kulisema popote, na nikikumbuka wale watoto naumia sana, kwa sababu boti zingine tatu nne pale pale zinajazwa kutoka madumu yaleyale.

Kule wasingenyamaza. Jabiru ni injini na ndege za kwao wenyewe, kiwanda kipo Bundaberg hukohuko Queensland, ni fahari yao. Lakini marubani na mafundi walikuwa wanaripoti kila injini inayosumbua, zikahesabiwa. Machi 2016 wachunguzi wao wakatoa ripoti hadharani, kuanzia 2009 mpaka 2014 injini za ndege nyepesi zilizofeli au kusumbua zilizoripotiwa ni 322, na 130 kati yake ni za Jabiru, wakasema wazi karibu nusu ya hizo ni kitu kukatika ndani, zaidi zile bolti ndefu zinazoshikilia silinda. Hata kabla ya ripoti, Desemba 2014, CASA walishaziwekea masharti, abiria asaini kuwa anaijua hatari, ndege isipite juu ya makazi ya watu kama haiwezi kuteleza ikatoka, mwanafunzi asiruke peke yake kama hajafanyishwa karibuni zoezi la injini kuzima. Wenye kiwanda iliwauma, watu waligombana sana. Lakini bolti nene zaidi zilikuja, mafundi wakajua pa kuangalia, na Julai 2016 masharti yakaanza kuondolewa kwa injini zilizotunzwa kama kiwanda kinavyotaka.

Kwahiyo ndugu yangu uliyeandika, hizo ndege zinazotoka hapa kwenda Pemba na Unguja unazoziogopa, ni za biashara, zinabanwa na sheria kali kuliko hivyo vindege vya mpwa wangu. Usihangaike nazo. Njoo Sahare, njoo Deep Sea, uangalie vyombo vinavyobeba watu wetu kila siku na uulize mashine hii mara ya mwisho ilizima lini. Hakuna atakaekujibu mana hakuna palipoandikwa.

Ombi langu kwa wenye boti na viongozi wa BMU, zile kamati za wavuvi za kusimamia ufukwe, ni hili. Kila mashine iwe na daftari lake, imefunguliwa lini, imezima wapi, ilikutwa na nini. Nahodha akisema imenizimia asifukuzwe kazi wala asitukanwe. Na siku bahari imelala tutoke nao nje kidogo bila abiria, mimi nifunge koki ya petroli bila kumwambia, tuone mkono wake unakwenda wapi kwanza, kwenye kamba au kwenye nanga. Kazi hiyo nitaifanya bure, jumamosi yoyote.

Daftari la kwanza nimeshanunua, liko kwenye boksi langu la spana, limefungwa na mfuko wa nailoni lisilowe. Ukurasa wa kwanza una mistari minne mpaka sasa. Wa juu kabisa ni ile boti ya Kigombe, nimeandika mwezi, upepo, maji robo kikombe, na kwamba nanga ilitupwa na abiria.

Msomaji wenu,
Fundi mashine, Sahare, Tanga