Kwa Nini Ekskaveta Yetu Haiji Bila Mwongozaji

Wateja wanaokodi ekskaveta, yaani mtambo wa kuchimba udongo, kwetu huuliza kwa nini bei ina mtu wa ziada, mwongozaji. Dereva si anajua kazi yake? Huyu mwenye reflekta na filimbi ni wa nini?

Panda ukae kwenye kiti cha dereva uone. Kabini iko kushoto, na mkono wa mtambo ukiinuka unaziba sehemu kubwa ya upande wa kulia. Nyuma kuna injini na uzito wa chuma unaozuia mtambo usilalie mbele. Fundi aliyeinama huko akifunga nondo, dereva hamwoni. Vioo na kamera husaidia, ila hushika tope, na anayechimba macho yake yako kwenye ndoo.

Wengi huogopa ndoo. Sisi tunaogopa zaidi ule uzito wa nyuma. Mtambo ukigeuka kumwaga udongo kwenye lori, nyuma yake hufagia upande wa pili, na aliyesimama kati yake na ukuta hubanwa kabla hajapiga kelele. Pale lazima ibaki nafasi ya nusu mita au zaidi, na bado tunazungushia uzio asipite mtu. King'ora cha kurudi nyuma hakitoshi: kikilia tangu asubuhi, masikio ya watu hukizoea.

Mwongozaji husimama pale dereva anapomwona muda wote. Akipotea machoni, mtambo unasimama. Dereva hufuata ishara zake yeye tu, isipokuwa ishara ya kusimama, ambayo hutiiwa hata ikitolewa na kibarua aliyeanza kazi leo. Mwenye shida na dereva husubiri ndoo itue chini, levaa ya usalama, ile inayozuia mtambo usisogee, ifungwe, kisha aitwe. Sheria hiyo inamhusu fomeni, inamhusu na mwenye jengo.

Wapo wanaoomba tumwondoe mwongozaji ili bei ishuke. Hapo hatukubali. Saa za kazi na gharama ya kusafirisha mtambo tunaweza kuzungumza.

Unapotupigia, tueleze nyaya za umeme zinapita wapi, mabomba yamelala upande gani, na wafanyakazi wako wanapita njia ipi kwa miguu. Kama njia yao na ya malori ni moja, tutakuja kuzitenganisha kabla mtambo haujapakiwa.