Sailensa ikishuka msikimbilie skrubu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na bodaboda wenzangu na mafundi wetu wa vijiweni, maana hili jambo la sailensa kushuka, yani ule muungurumo wa injini ukiwa umeachia mafuta, limenila hela na nusura linivunje mguu. Mimi naendesha hapa Njombe mjini, pikipiki yangu ni ya Kichina, zile injini za mtindo wa Honda CG125 ambayo Honda walianza kuitoa mwaka 1976 na Wachina wakaiiga mpaka leo, kabureta ya kawaida, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, hamna kompyuta wala sensa. Niliinunua Dar ikiwa imeshatumika nikaipakia kwenye lori mpaka huku.

Wiki ya kwanza tu sailensa ikaanza kushuka. Yani unaachia mafuta ukikaribia kona, injini inapumua pu, pu, pu, halafu kimya. Asubuhi ndo usiseme, na baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba mnaijua, unapiga kiki mpaka abiria anaghairi anaenda kwa mwingine. Nikaenda kwa fundi, akatoa bisibisi, akazungusha skrubu ya sailensa pale kwenye kabureta, injini ikalia vizuri, nikalipa nikaondoka. Siku tatu ikashuka tena, akazungusha tena. Ikafika mahali asubuhi inazima na mchana ikishapata moto inalia yenyewe kama kuna mtu kashika mafuta, ukiingiza gea inaruka abiria anakugonga mgongoni.

Kilichonifanya niandike ni siku moja nakatisha barabara ya Songea nimembeba mama mmoja na mtoto mgongoni, nikapunguza, nikaachia mafuta, ikazima katikati ya lami na lori la mbao linashuka. Nilisukuma kwa miguu huku honi inalia masikioni mwangu. Tulivuka, namshukuru Mungu, lakini yule mama alishuka anatetemeka na mimi sikumdai nauli.

Jamani ile skrubu haitibu kitu. Kazi yake ni kuinua kidogo ile pistoni ya kabureta ili hewa ipite zaidi, basi. Pikipiki nyingi ndogo za kabureta injini ikiwa na moto zinakaa kwenye mizunguko 1,300 mpaka 1,500 hivi kwa dakika, na kama jana ilikuwa inakaa hapo na hamna aliyegusa skrubu, leo imeshuka, ujue kuna kitu kimebadilika sehemu nyingine. Ukiinua skrubu unakuwa umeficha dalili tu, ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa zamani ambaye hata bango hana. Cha kwanza hakushika bisibisi. Aliwasha, akavuta choki nusu, ile inayobana hewa ili mafuta yazidi, akasikiliza. Akaniambia kijana, ikikaa vizuri kwa choki basi ina njaa ya mafuta, tafuta jeti ndogo, kile kitundu kinachopitisha mafuta, imeziba au hewa inaingia pasipotakiwa, na ikizidi kuzima basi imeshiba kupita kiasi, angalia ea klina, yani chujio la hewa, au mafuta yamejaa kwenye bakuli la kabureta. Kipimo hicho hakihitaji hata shilingi na kila dereva anaweza kukifanya mwenyewe kijiweni.

Yangu ilizidi kuzima. Akatoa plagi, nyeusi tii, masizi makavu, wakati inatakiwa iwe na rangi kama chai ya maziwa. Ea klina nayo imejaa vumbi. Halafu akaniuliza imetoka wapi, nikamwambia Dar, akacheka. Dar ni usawa wa bahari na Njombe tuko karibu mita 2,000 juu, hewa ya huku ni nyepesi, imepungua kama moja ya tano, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Dar ikija huku inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Akafungua ile skrubu ya hewa, ile ndogo ya pembeni, akaifungua polepole robo kwa robo huku anasikiliza mpaka injini ikapanda yenyewe. Muwe makini hapa, kabureta yenye hiyo skrubu upande wa ea klina ukifungua unaongeza hewa, lakini zile zenye skrubu upande wa injini ukifungua unaongeza mafuta, watu wengi wanachanganya hapo.

Ikapona kama nusu. Kilichobaki ndo kiliniuma zaidi kwa sababu nilikitaka mwenyewe. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimemwambia fundi aniondolee kelele za tapeti, zile skrubu za kurekebisha valvu (vimilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye injini), tik tik tik zilikuwa zinanikera na abiria wanaona pikipiki mbovu. Akakaza tapeti kwa mkono na sikio, kelele zikaisha nikafurahi. Kumbe valvu zilikazwa mpaka hazifungi sawasawa, pumzi inavuja, na ukiwa resi ya juu huoni kwa sababu inavuja muda mfupi, ila ukiachia mafuta injini haina nguvu ya kujizungusha. Na valvu ya ekzosi isiyofunga vizuri haipoi, inaungua taratibu, siku ikifa unalipa kichwa kizima cha injini.

Mzee akaniambia niiache ilale, kipimo kinachukuliwa injini ikiwa baridi. Asubuhi akafungua kifuniko cha magneti, akazungusha mpaka alama ya T, inayoonyesha pistoni ya injini iko juu kabisa, ikasimama mahali pake na roka zote mbili, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zikawa huru, akatoa fila geji, bati jembamba la milimita 0.08, ndo kipimo cha CG125 kwa valvu zote mbili. Halikuingia kabisa. Akalegeza nati, akafungua kidogo, akanipa nilivute mwenyewe. Likapita kwa kukwaruza, kama unavuta karatasi iliyolaliwa na daftari. Sikuwahi kuambiwa na mtu kwamba kitu hiki kina kipimo, na nimeendesha miaka sita.

Mengine nayapitia haraka. Wanaonunua petroli ya chupa barabarani wafungue ile skrubu ya chini ya bakuli la kabureta wakinge kwenye chupa nyeupe, maji yataonekana yamekaa chini. Jeti ndogo ikiziba usiingize waya, tundu lake halifiki hata nusu milimita, ukilichokonoa linatanuka na hamna kulirudisha, nenda kwa mziba pancha akupulizie upepo. Mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka, mwagia maji kidogo wakati inaunguruma, sauti ikibadilika umepata. Na kama inazima pale tu unapoingiza gea ila huru inakaa vizuri, angalia waya wa klachi kabla hujagusa kabureta.

Ninachoomba, mhariri, mafundi wetu wanunue fila geji. Ni kitu kidogo kinachoingia kwenye mfuko wa shati, bei yake haimshindi fundi anayefanya kazi kila siku. Sisi madereva nasi tuache kulazimisha injini inyamaze, CG ikilia tik tik kidogo ikiwa baridi haina kosa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na wengine wanaofundisha mafundi wa mtaani wakiweka hata siku mbili za kabureta na valvu kwa hawa vijana wanaojifunzia kazi chini ya mti, watu watakuja, mimi wa kwanza. Na viongozi wa vijiwe wakati wanahimiza kofia na leseni waulize pia, hii pikipiki ukiachia mafuta inasimama au inazima?

Yangu sasa inaunguruma yenyewe nikiwa nasubiri abiria stendi, na skrubu ya sailensa niliirudisha chini mizunguko miwili.

Dereva wa bodaboda,
Njombe