Uso mwekundu ule ni wa shujaa

Mhariri,

Katika ukurasa wa sanaa Jumamosi mlichapisha picha ya kale ya Kijapani ya mwigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya huko, chini yake mkaandika "shetani mwenye hasira". Naomba msahihishe. Nimechonga mbao miaka 22, na picha hizo zilizochapwa kwa mbao ndizo zilizonifundisha kazi, kwa hiyo nimeumia kweli.

Mistari ile ya usoni huitwa kumadori. Wekundu ni damu iliyopanda: ujasiri, nguvu, ghadhabu ya anayetetea haki. Mwovu mkubwa hupakwa buluu. Mapepo hupata kahawia. Halafu tazameni mkono mpana wa joho lake la rangi ya matofali. Miraba mitatu, mmoja ndani ya mwenzake, ni vipimo vya mchele, nembo ya ukoo wa waigizaji wa Ichikawa Danjūrō, jina linalorithishwa. Huyo ni shujaa wa mchezo uitwao Shibaraku, ambaye siku hizi huitwa Kamakura Gongorō. Wasio na hatia wakiwa karibu kukatwa vichwa, yeye hupaza sauti "Shibaraku!", yaani "Ngojeni!", kisha huingia na upanga mrefu kupita kimo cha mtu. Watazamaji waliamini hata jicho la kina Danjūrō likikodolewa hufukuza maradhi.

Mimi hasa hupenda mstari wenyewe. Wachoraji wa ukoo wa Torii, mwanzoni mwa karne ya 18, waliwachorea mashujaa hawa miguu iliyovimba kama vibuyu, kwa mistari inayonenepa na kusinyaa ghafla. Wajapani waliifananisha na nyungunyungu. Nguvu ya shujaa imo katika unene huo. Na mchongaji ndiye aliyeuacha mstari umesimama juu ya mti mgumu wa mcheri, akiondoa mbao pande zote mbili. Patasi ikiteleza, goti la shujaa limekwenda. Mara nyingi jina la mchongaji halikuandikwa popote.

Mwaka 1842 serikali ya Edo, Tokyo ya leo, ilipiga marufuku picha za waigizaji, na Danjūrō wa saba akafukuzwa mjini kwa kosa la anasa. Serikali haiogopi picha isiyosema kitu.

Nyinyi mmeikata picha upande wa kushoto, nusu ya nembo imepotea na upanga wote. Mkiirudia, ichapisheni nzima, hadi ncha ya ala.

Msomaji wenu,
Mchonga mbao