Mvua Ilinyesha, Mto Ukakauka: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, viongozi wa vijiji vyote vya jumuiya yetu ya watumiaji maji hapa Usangu, kuanzia mlimani hadi ukingoni mwa tindiga (kinamasi) la Ihefu, poleni na safari na karibuni sana.

Mwaka jana, katika mkutano kama huu, mama mmoja wa kijiji cha mwisho wa mfereji alisimama akauliza swali lililonishinda. Alisema: masika ilikuwa nzuri, mpunga tumevuna, sasa mbona mwezi wa tisa wajukuu zangu wanafukua mchanga wa mtoni kutafuta maji ya kunywa? Nilimwahidi kwamba nitarudi na jibu. Kamati imelitafuta jibu hilo mwaka mzima, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni hilo.

Mengine nayasema kwa ufupi. Kamati ilikutana kila robo ya mwaka kama katiba inavyotaka. Ada ya matumizi ya maji imelipwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Migogoro ya zamu za maji iliyoletwa mezani imesuluhishwa, isipokuwa mmoja ambao bado uko baraza la kata. Mapato na matumizi atayasoma mhazini.

Sasa swali la mama.

Mwezi wa nane wajumbe wa kamati tuliutembea mto wetu kwa miguu, kuanzia chemchemi za milima ya Uporoto hadi tambarare, tukiwa na mtaalamu wa haidrolojia, yaani elimu ya mwenendo wa maji, aliyekubali kutusindikiza. Nimeishi na mto huu tangu utoto, lakini sikuwahi kuufuata mwanzo hadi mwisho. Nawashauri wote mfanye hivyo.

Kule juu mvua inazidi milimita 1,000 kwa mwaka, wakati huku kwetu bondeni tunapata 600 au 700 hivi. Milimita 1 kwenye ekari moja ni lita 4,000, kwa hiyo mtaona mlima unapokea utajiri wa namna gani. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano, ni mwepesi, ukiukanyaga mguu unadidimia. Mvua ikinyesha haisimami, inazama. Yakishazama, maji mengine yanashikwa na udongo mpaka mizizi iyanyonye na majani yayarudishe hewani. Mengine yanateremka chini kwa chini, polepole, mpaka yakutane na tabaka gumu na kutokea ubavuni mwa mlima. Hizo ndizo chemchemi. Maji yanayopita mtoni mwezi wa tisa, wakati hakuna hata wingu, ni mvua iliyonyesha miezi mingi nyuma, na nyingine huenda ni ya miaka iliyopita.

Hata mafuriko si kama tulivyodhani. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakipima alama za asili zilizomo ndani ya maji, na katika mabonde mengi yenye unyevu wamekuta kwamba sehemu kubwa ya maji yanayojaa mtoni baada ya mvua yalikuwa tayari ardhini kabla mvua hiyo haijanyesha. Mvua mpya inaingia kwa juu na ya zamani inasukumwa itoke kwa chini. Niliposikia hivyo nilielewa kwamba ghala letu kubwa ni mlima wenyewe, na mlango wa ghala ni udongo wa juu, ule unaochimbika kwa jembe.

Hapa nina jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Miaka yote nimesimama mbele yenu nikisema pandeni miti, miti inaleta maji. Nilisema kwa nia njema, lakini nilisema nusu. Katika milima ya Mbeya, jirani zetu kabisa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kwa takriban miaka kumi, watafiti walipima vibonde viwili vidogo. Kimoja kilikuwa na msitu wa asili, kingine mashamba ya wakulima kwenye miteremko mikali. Kijito cha mashambani kilitoa maji mengi zaidi, na wakati wa kiangazi kilitoa karibu mara mbili ya kile cha msituni. Sababu ni kwamba msitu una kijani mwaka mzima na mizizi yake inafika mbali, kwa hiyo unaendelea kunywa wakati mahindi yameshavunwa na shamba limepumzika. Na udongo wa pale ni mlaini kiasi kwamba hata baada ya kulimwa uliendelea kuipokea mvua.

Asitoke mtu hapa akasema mwenyekiti ameruhusu kukata msitu. Vile vilikuwa vibonde vidogo, kwenye udongo wa aina moja. Palipo na udongo mzito, au pale ardhi ilipokanyagwa na kwato mpaka ikawa kama sakafu, mvua inateremka juu juu, inaleta tope kwenye mabanio yetu, yaani vizuizi vya mtoni vinavyoelekeza maji mferejini, halafu kiangazi ghala linakuwa tupu. Msitu wa asili unalinda udongo huo, unashikilia mteremko, unatupa maji masafi. Ninachosahihisha ni dhana kwamba mti wowote, mahali popote, unaongeza maji. Tuliona milingoti (mikaratusi) imepandwa hadi kwenye midomo ya chemchemi, na wenyeji wenyewe walituonyesha chemchemi mbili ambazo sasa zimebaki unyevu tu. Mlingoti unakua haraka na unakunywa sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Tumekubaliana na serikali za vijiji vya juu kwamba ndani ya mita hizo milingoti itavunwa bila kupandwa tena, na nafasi yake iachiwe miti na nyasi za asili. Mwanachama yeyote wa bondeni atakayekwenda kununua milingoti hiyo ya chemchemi kwa ajili ya nguzo atakuwa ametusaidia.

Kuhusu vinyungu, yaani bustani za mabondeni za kiangazi, vya ndugu zetu wa mlimani: ndiyo, vinatumia maji ya kiangazi. Lakini ni mboga na mahindi mabichi ya watoto wao, na sisi wa mpunga tunachukua mara nyingi zaidi yao. Sitaki jumuiya hii iwe mahali pa wa chini kuwanyooshea kidole wa juu.

Mto ukishuka tambarare unaingia kwenye mchanga, na hapo tunapoteza sehemu ya maji kabla ya banio la kwanza. Nasema tunapoteza, ila mtaalamu alinikatiza. Akatupeleka kwenye visima vifupi vya kijiji kinachofuata, akauliza: haya yanatoka wapi? Kweli, ni yaleyale yaliyozama. Ni hivyo hivyo kwenye majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta. Maji yanayovuja kutoka jaruba la juu yanaingia la chini, na yanayotoka skimu moja ya umwagiliaji yanarudi mtoni na kushikwa na banio la skimu nyingine. Kwa hiyo anayekuja kutuambia kwamba tukisakafia mifereji yote kwa zege tutaokoa nusu ya maji, tumuulize kwanza: hayo yanayovuja leo, nani anayanywa? Maji yanayoondoka kabisa bondeni mwetu ni yale yanayopanda hewani. Hayo hayarudi kwa jirani.

Sasa mabanio. Hapa nilijifunza kuwaheshimu wazee wetu upya. Banio la miti, nyasi na mawe linavuja. Mto ukipungua, kila mmoja anapata kipande chake cha kile kidogo kilichopo, kwa sababu hakuna banio la aina hiyo linaloweza kuziba mto wote. Lina shida zake: kila mafuriko linabebwa, na vijana wanashinda wiki nzima mtoni kulijenga upya. Tukapata mabanio ya zege yenye mageti ya chuma, tukashangilia, nami nilikuwa mmoja wa waliocheza ngoma siku ya kufungua. Lakini geti la zege lina uwezo ambao miti na nyasi havikuwa nao. Mwezi wa tisa, mto ukiwa mwembamba, linaweza kuubeba wote, hadi tone la mwisho. Tulisimama chini ya banio mojawapo tukakuta mchanga mkavu, huku mfereji pembeni unatiririka.

Vibali vyetu navyo vinaandikwa kwa lita kwa sekunde. Mwezi wa tatu kiasi hicho ni kidogo mbele ya mto uliofurika, lakini kiangazi huenda kikazidi mto mzima, na mwenye kibali akauchukua wote akiwa hajavunja neno hata moja. Kamati inapendekeza kwamba kiangazi tugawane kwa mafungu ya mto uliopo, si kwa lita. Mbele ya kila geti pajengwe kizingiti chenye pengo lisilofungwa, lenye upana uliopimwa, ili fungu la walio chini lipite lenyewe bila kumtegemea mlinzi wala huruma ya mtu. Tumeshaiandikia barua Bodi ya Bonde kuhusu hili.

Tuliishia Ihefu, mahali ambapo simulizi ya mama inakutana na simulizi ya nchi. Mito yote ya Usangu, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera, Ruaha Mkuu na mingine, inaelekea kwenye tindiga hilo. Maji yake yanatoka kupitia Ng'iriama, penye mwamba uliolala chini ya mto kama kizingiti cha mlango. Maji ya tindiga yakishuka chini ya usawa wa mwamba ule, hayatoki tena, hata kama ndani bado yapo. Huko mbele Mto Ruaha Mkuu unakatika katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Tangu mwishoni mwa 1993 imekuwa hivyo karibu kila kiangazi.

Tindiga nalo linalipa kodi kwa jua. Kilomita moja ya mraba ikipoteza milimita 5 kwa siku, ni lita 58 kila sekunde, usiku na mchana. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa 2006 ulikadiria kwamba ili mita za ujazo 0.5 tu kwa sekunde zitoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, lazima ziingie Ihefu kama 7, karibu mara mbili ya zilizokuwa zikiingia wakati huo. Kwa hiyo lita moja tunayoiachia haifiki mbugani kama lita moja. Tusiwadanganye watu wa huko, wala tusijidanganye.

Vilevile tusikubali kubeba lawama zisizo zetu. Kwa miaka mingi umeme ukikatika tuliambiwa ni mpunga wa Usangu. Bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80, na Kidatu ya megawati 204 chini yake, yanajazwa na mito mikubwa ya masika. Kijito chetu cha mwezi wa tisa hakiwezi kujaza bwawa la namna hiyo. Ila kinaweza kumnywesha mtu, ng'ombe, na samaki wa Ihefu, na hilo linatosha kutufanya tukijali.

Tulicheza pia mchezo wa gololi katika vijiji viwili. Kwa wasioujua, ni ubao ulioinamishwa na kuchorwa mto, gololi zinamiminwa juu, kila mchezaji anaweka kijiti kama banio lake. Ulibuniwa na watafiti waliofanya kazi hapa hapa Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fundi seremala wetu ametutengenezea wa kwetu. Tuliwaweka wakulima wa juu wakae nafasi ya chini, na wa chini juu. Mzee mmoja aliyepata gololi mbili tu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: kumbe ndivyo wanavyolala. Nimehudhuria semina nyingi. Hakuna iliyonigusa kama ile.

Basi, mama, jibu ni hili. Mvua ilinyesha, na mlima uliitunza. Maji ya mwezi wa tisa yalishuka. Yaliingia mifereji ambayo mpunga wake ulishavunwa, mifereji tunayoiacha wazi kiangazi chote ili watu wapate maji ya kuchota na ya mifugo. Tunapitisha mto mzima kwenye kilomita za mfereji mkavu, kwenye magugu na majaruba matupu, ili mwisho wake mtu ajaze ndoo. Yanayobaki yanapanda hewani kabla hayajafika kwako. Hakuna aliyekuibia. Ni mazoea yetu.

Kamati inaleta pendekezo: mageti yote yafungwe mpunga ukishavunwa, hadi wakati wa kuandaa vitalu, na mfereji ufunguliwe siku mbili tu kwa wiki kwa mifugo. Lakini hakuna geti litakalofungwa kabla kitongoji husika hakijapata kisima cha pampu au bomba, kwa sababu siwezi kumwambia mtu akae na kiu ili kanuni itimie. Fedha zilizopo zinatosha visima viwili mwaka huu. Vitongoji vingine vitasubiri, na mageti yao yatabaki wazi mpaka zamu yao ifike. Najua wenye bustani za kiangazi watapata hasara. Tumewatengea ekari za pamoja karibu na mto, ambako maji hayasafiri mbali, na mjadala wa ukubwa wake uko wazi kwenu.

Mhazini yuko tayari na hesabu zake. Akimaliza, tutaanza kujadili pendekezo, na naomba kijiji cha mwisho wa mfereji kizungumze kwanza.