Risala ya wanakikundi wa kadi za mikono kwa mgeni rasmi

Ndugu mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wageni wote mliofika, habari zenu na karibuni sana. Tumefurahi mno kukuona hapo mbele, na kadi zote unazoziona mezani zimetengenezwa na hawa hawa waliosimama nyuma yangu.

Mgeni rasmi, kila anayezishika anauliza kama tumezipitisha kwenye cherehani. Hapana, nyingi hata uzi hazina, ule mshono wa pembeni ni tundu na wino tu. Tunachukua manila ya saizi ya A4 tunaikata nusu, kabla ya kukunja tunapitisha peni iliyoisha wino kwenye rula ili mkunjo utoke safi bila kupasuka, hapo unapata kadi ya kama sentimita 10 na nusu kwa 15. Kisha tunaitandaza juu ya sponji au kitambaa kilichokunjwa, tunaacha milimita 3 hivi kutoka ukingoni, tunatoboa kwa sindano kila baada ya milimita 4 au 5, halafu kwa peni ya jeli tunachora kistari toka tundu moja hadi la pili, tunaruka nafasi, tunachora tena, yaani bandi kabisa kama ya fundi nguo.

Kazi yote iko kwenye tundu. Ukichora vistari bila kutoboa vinabaki vistari, lakini sindano ikipita karatasi inabonyea kidogo pale na kinatokea kivuli chembamba sana, ndo jicho linaona uzi umezama. Kwenye manila nyeusi au ya bluu iliyokolea tunatumia peni nyeupe, na hapo lazima usubiri ikauke maana wino wa jeli ukiugusa umeshachafua kadi nzima.

Wapo wenzetu wanaotia uzi wa kweli. Uzi wa kudarizi kwa kawaida umebeba nyuzi 6 ndani yake, wao wanachambua wanatumia 2 tu kwa sababu zote 6 zinatanua tundu, na tundu zikisogeleana karatasi inachanika mstari mzima. Nyuma hawafungi fundo, linatokeza upande wa mbele, wanashika uzi kwa selotepu halafu wanabandika karatasi nyingine juu yake. Kwangu mimi hizi ndo kadi nzuri kuliko zote, ingawa zinachukua muda sana.

Na sio jambo geni mgeni rasmi. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, 1914 hadi 1918, wanajeshi waliokuwa Ufaransa walituma nyumbani postikadi zenye maua na bendera zilizodariziwa kwa nyuzi za hariri, na mpaka leo zipo kwenye makumbusho na kwa familia zilizozitunza. Meseji ya simu inasomwa inapita, kadi ambayo mtu ametoboa tundu moja moja kwa ajili yako unaiweka.

Sasa changamoto. Tunakata kwa mkasi, kingo hazinyooki, na kingo ikienda upande mshono nao unaonekana umepinda hata kama umetobolewa vizuri, kwa hiyo tunaomba kikatio cha karatasi cha mezani. Tunaomba pia kabati lenye milango maana unyevu unapindisha manila na vumbi linaganda kwenye gundi. Na kama itawezekana vile vigurudumu vyenye meno ambavyo mafundi wanatumia kuhamisha alama za kukatia nguo, vinaacha alama zenye nafasi sawa na wadogo zetu wataweza kutoboa wenyewe bila kupima kila tundu.

Ombi la mwisho mgeni rasmi, kabla hujaondoka chagua kadi yoyote pale mezani umwandikie mtu wako, sio saini tu, maneno yako mwenyewe. Peni na bahasha zipo.

Tunaomba kuwasilisha.